Kipengele Nilichokiruka

Karatasi ilikuwa na vipengele sita. Nilisoma cha kwanza mpaka cha nne, kisha nikasoma cha sita. Jambo lenyewe ni hilo tu, na mtu wa maneno machache angeishia hapa. Mimi nimelifikiria mno, nimeligeuza huku na huku, hadi sijui tena kulieleza kwa ufupi.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuoni, nina shahada ya mipango ya maendeleo na sina kazi. Kijiji chetu kiko upande wa Mkumbi, milimani, ambako nyumba zimekaa mgongoni mwa vilima, kahawa imezizunguka, na mashamba ya ngoro yanateremka mpaka mtoni, shimo baada ya shimo. Sikumaliza mwezi kabla mwenyekiti wa kijiji hajanifanya katibu wa kamati ya ujenzi wa zahanati. Nilijaribu kukataa. Nilimwambia kuna watu wenye uzoefu kuliko mimi.

"Uzoefu wa nini?" akauliza. "Baba yako ameuza kahawa miaka mitatu usome. Sasa kalamu unaiogopa?"

Zahanati yenyewe ilikuwa boma. Kuta zilikuwa zimesimamishwa kwa nguvu za wananchi, matofali ya kuchoma, mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, halafu zikasimama hapohapo. Ndiyo kawaida ya huku: wananchi wanajenga hadi lenta, serikali inaleta fedha za kupaua na kumalizia. Fedha zikichelewa, boma linangoja. Letu lilikuwa limengoja kiasi kwamba nyasi zilikuwa zimeota katika chumba cha kujifungulia na mbuzi walikuwa wanakijua vizuri kuliko sisi.

Mwaka ule fedha zilikubaliwa. Mhandisi wa halmashauri alikuja na pikipiki, akatukusanya wanakamati kivulini mwa ukuta, akatugawia karatasi.

"Serikali inapaua, inapiga plasta, inaweka milango na madirisha," alisema. "Vya nje ni vyenu. Bila vya nje hakuna usajili. Bila usajili hakuna mganga wala dawa. Mtabaki na nyumba nzuri ya kupigia picha."

Vya nje vilikuwa sita: choo cha wagonjwa, tangi la maji ya mvua, njia ya kupandia wenye viti vya magurudumu, kichomea taka, shimo la kondo la nyuma, na uzio. Kila kimoja kilikuwa na makadirio yake ya saruji, nondo na mabomba. Nakala moja nilipewa mimi, nyingine akapewa mtendaji wa kijiji, dada mmoja aliyeletwa kwetu kutoka Tabora, ambaye wakati huo hakuwa amemaliza hata mwaka mmoja na alikuwa bado anashangazwa na baridi yetu.

Lazima nieleze jinsi tunavyochanga, maana bila hilo kosa langu litaonekana dogo. Kwetu hatupiti nyumba kwa nyumba na daftari. Kijiji kinakutana kabla ya msimu wa kahawa, tunahesabu kinachohitajika, tunakubaliana kiasi cha kukatwa kwa kila kilo, na chama cha msingi cha wakulima kinakata chenyewe siku ya malipo. Asiye na kahawa anatoa mchanga, mawe, au siku zake za kazi. Ni mtindo mzuri kwa sababu hakuna anayegombana na jirani yake. Ubaya wake ni mmoja: msimu ukishapita, umepita. Fedha zikiingia majumbani zinageuka mbolea, ada na mabati, na kijiji hakina pengine pa kushika mpaka kahawa iive tena mwaka unaofuata. Kwa hiyo kisichosomwa siku ya mkutano hakikatwi, na kisichokatwa hakijengwi.

Mkutano ulikuwa Jumapili baada ya misa, katika uwanja wa shule. Kazi yangu ilikuwa kusoma orodha.

Tangu Ijumaa nilikuwa na wasiwasi na kipengele cha tano. Nilijaribu kukisema peke yangu shambani. Nilijaribu "kondo la nyuma", nikaona ni maneno ya darasani. Nilijaribu "zalio", nikaona ni ya jikoni. Kimatengo kina neno lake, ila nililisikia mara moja tu maishani, wanawake wakilisema jikoni kwa mama, waliponiona mlangoni wakanyamaza na mmoja akanifukuza na mwiko. Nilikuwa mtoto. Lakini jambo likishaingia kichwani mwangu halitoki. Nilijiuliza, mimi kijana ambaye sijaoa, nitasimamaje mbele ya baba mkubwa, mbele ya katekista aliyenifundisha sala, mbele ya bibi zangu walioketi kwenye khanga, nitamke kinachotoka tumboni mwao? Na je, wakiuliza kinawekwaje humo shimoni? Na je, wakicheka? Na je, wasipocheka?

Nilisoma choo. Nilisoma tangi. Nilisoma njia ya kupandia, nikaieleza kwa mikono yote miwili. Nilisoma kichomea taka. Kisha nikafika pale. Nililiona neno. Niliona viatu vya misa vya baba mkubwa, vimeng'aa, vimenielekea.

"Na uzio," nikasema.

"Uzio wa nini?" mzee mmoja akadakia kutoka nyuma. "Wagonjwa watatoroka?"

Uwanja mzima ukacheka. Nami nikacheka, nikakunja karatasi. Nilijiambia kwamba nitamnong'oneza mtendaji baadaye, aliingize shimo kimyakimya katika hesabu. Sikumtazama, ingawa tulikaa meza moja.

Walipoanza kujadili kiasi cha kukata, baadhi ya wazee waliona ni kikubwa. Aliyewanyamazisha ni shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza alimzalia hospitali ya misheni baada ya kubebwa na pikipiki, wa pili alimzalia njiani ndani ya gari la kahawa, wa tatu baada ya kukaa wiki nne kwenye kigojeo, ile nyumba ya wajawazito wanaosubiri siku zao karibu na hospitali, akila ugali wa kujipikia na kuwawaza aliowaacha.

"Kateni!" alisema. "Hata mkizidisha, kateni. Mimi nimechoka kuzalia ugenini kama mtu aliyefukuzwa kwao."

"Kwani una mpango wa kuzaa tena?" mwenyekiti akamtania.

"Muulize mume wangu, yule pale anaangalia chini."

Wakacheka tena, mikono ikainuliwa, na kiasi kikapitishwa. Kilitosha vipengele vitano, bila ziada.

Kwa nini sikurekebisha? Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko swali lolote la mtihani. Siku mbili baadaye nilikwenda ofisini kwa mtendaji, nikakuta watu wanagombea mpaka wa shamba, nikarudi. Wiki iliyofuata nilimkuta peke yake. Alinikaribisha, akanipa kiti, akangoja. Nilizungumzia geji ya mabati, yaani unene wake. Niliongea juu ya geji ya mabati kwa muda mrefu sana. Nilipotoka nilijiambia kwamba kikao kimeshapita, barua imeshakwenda chama cha msingi, na nikirudi kwa watu kuwaambia waongeze, watasema katibu amekwishaanza kula. Kila siku iliyopita ilifanya kulisema jambo lile kuwe kugumu zaidi, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza na kwa nini nilikaa kimya. Nikaanza kutumaini kwamba saruji itabaki. Saruji haikubaki. Bei ilipanda kabla hatujamaliza tangi.

Kahawa ilikatwa, fedha za serikali zikaingia, na kijiji kikaamka. Tulifanya kazi kwa ngokela, namna tunayofanya mashambani, kundi hili leo, kundi lile kesho, na wanawake wakipika uji na togwa. Shemeji alikuwa anapandisha mchanga kutoka mtoni kwa ndoo. Mwezi wa kumi nilimwona ameweka ndoo chini katikati ya kilima, mkono kiunoni.

"Pumzika, shemeji," nikamwambia.

"Nipumzike nini? Huyu naye anachangia," akasema, akigusa tumbo ambalo bado halikuonekana. "Huyu atazaliwa hapa. Nimeshachagua kitanda, upande wa dirisha. Nitakuwa naiona kahawa yangu, nikimwona mbuzi ndani namfukuza hukohuko kitandani."

Nilibeba ndoo yake mpaka juu. Nakumbuka nilihesabu miezi kwa vidole ndani ya mfuko wa suruali. Mwezi wa nne. Nilijiambia kwamba mpaka mwezi wa nne mambo mengi yanaweza kutokea. Mtu kama mimi anaweza kuwaza hatari mia moja zisizokuwepo, na ile moja iliyopo akaiachia muda.

Timu ya afya ya wilaya ilikuja kukagua mwezi wa pili. Jengo lilikuwa jeupe, bati la buluu, harufu ya rangi bado. Wanakijiji walikuwa wamevaa vizuri kama siku ya kipaimara. Kiongozi wa timu alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani na sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya bonde. Alipita na fomu yake. Choo, akatia vema. Tangi, vema. Njia, vema. Kichomea taka akakisifia. Kisha akazunguka nyuma ya jengo, akarudi, akazunguka tena.

"Shimo la kondo liko wapi?"

Alilisema hivyohivyo, mbele ya baba mkubwa na katekista na watoto wa shule. Hakuna aliyezimia. Hakuna hata aliyekohoa.

Mwenyekiti alimtazama mtendaji. Mtendaji alisema polepole, "Halikuwemo kwenye mpango wa kijiji."

"Halikuwemo vipi? Ni lazima. Wanawake watajifungua humu, kondo mtalipeleka wapi, kwa mbwa? Siwezi kusajili." Akafunga fomu yake, lakini hakuwa mkali. Alionekana amechoka. "Chimbeni, mjenge, mfunike. Mkimaliza nipigieni simu, nitakuja hata Jumamosi."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake na karatasi yenyewe ikiwa ndani ya daftari langu. Sikuitoa.

Fundi wetu alipoulizwa alikataa kabisa. Masika ilikuwa imekolea. "Shimo la ngoro nitakuchimbia hata leo," alisema. "Hili la kina kirefu, na udongo huu umelowa hivi, litawazika wachimbaji. Ngojeni mwezi wa sita." Na hata kama udongo ungekubali, saruji na mfuniko vingetoka wapi? Ilikuwa miezi ile ya mahindi mabichi, kila mtu anaishi kwa kukopa na kungoja.

Zahanati ikafungwa kwa kufuli jipya.

Kijiji kilihitaji mtu. Hakikufikiria hata kidogo kwamba ni mimi. Mimi ni mtoto wa hapa, nimesoma, nimebeba ndoo. Barua zote za serikali hupitia kwa mtendaji, na mtendaji ni mgeni, haendi misa, anakaa peke yake katika nyumba ya kupanga. Nilisikia neno likianza kisimani, likapita kilabuni, likafika nyumbani kwetu wakati wa chakula: fedha ya shimo ilikuwepo, mama mtendaji ameila. Kaka yangu alilisema huku anamega ugali. Mama akaniuliza, "Eti ni kweli?"

"Sidhani," nikasema.

Sidhani! Nilikuwa najua kwa hakika. Nimeandika tasnifu ya kurasa themanini, na siku niliyohitaji sentensi moja, nilitoa neno moja, nalo la uongo.

Shemeji aliendelea kungoja. Nadhani alikuwa hajaamini kwamba nyumba iliyokamilika inaweza kubaki imefungwa. Kila mara alisema labda wiki ijayo watafungua, labda wataruhusu kwa dharura. Fedha ambayo angeitumia kwenda kukaa kigojeo alikuwa ameiweka kwenye mbolea, kwa kuwa alijua atazalia nyumbani. Alipokubali kwamba haitafunguliwa, barabara ilikuwa imekatika mahali pawili na pikipiki hazikupita.

Alijifungua mwezi wa nne, alasiri ya mvua kubwa, jikoni kwa mama. Mimi na kaka tulisimama chini ya upenu. Kutoka pale upenuni bati la buluu la zahanati lilionekana vizuri. Mtoto alilia mapema, msichana, mzima. Lakini mama yangu alitoka nje mara ya pili, ya tatu, akiomba vitambaa, na uso wake haukuwa wa furaha. Shemeji alitoka damu nyingi. Haikusimama mpaka giza linaingia. Hakufa, namshukuru Mungu, na sitaki kuandika kana kwamba alikufa. Lakini kwa miezi miwili hakuweza kusimama bila kushika ukuta, na msimu ule hakuchuma kahawa. Kahawa yake ilichumwa na watu wengine, nyingine ikaanguka chini.

Wiki ya tatu mtendaji alikuja. Kijiji kina sheria ndogo: anayejifungulia nyumbani analipa faini. Ilitungwa kwa nia njema, watu wasipuuze hospitali, na mtendaji hakuwa na mamlaka ya kuiacha. Alisimama uani na kitabu cha stakabadhi, akatoa salamu, akatoa pole. Shemeji alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto ananyonya. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Dada, unajua nimekuja kwa nini," mtendaji alisema. "Sheria sikuitunga mimi. Nitaandika kwamba utalipa baadaye, ukipona."

"Shimo letu umelila," shemeji alisema, bila kupandisha sauti. "Sasa umekuja kula na faini?"

Majirani walikuwa wamesogea kwenye ua. Mmoja akaguna.

"Sijala kitu chako, dada."

"Mwizi. Mchanga ule nilibeba na tumbo hili. Mwizi mkubwa wewe, na bado unaniita dada."

Mtendaji alinitazama. Mara moja tu, na si kwa kuomba. Alinitazama kama mtu anayetazama saa. Kisha akafunga kitabu bila kuandika, akasema "Haya," akaondoka. Watoto walimfuata mpaka barabarani wakiimba neno lile. Hakuna mtu mzima aliyewakemea, na mimi nilikuwa mtu mzima.

Baada ya hapo salamu zake hazikuitikiwa vizuri. Mwezi wa saba akapata uhamisho, akateremka kijiji kimoja cha ziwani.

Mkutano wa msimu mpya nilikaa nyuma. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyelisoma jambo, naye akaanza kuzunguka: "Kuna hiki kitu... hili shimo la... la akina mama..."

"Semeni kondo!" bibi mmoja akapaza sauti kutoka kwenye khanga yake. Ni ndugu wa bibi yangu mzaa baba. "Mnaogopa nini? Kuna mmoja wenu aliyekuja bila la kwake? Lako wewe mwenyekiti nililizika mimi kwa mikono hii."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, katekista naye, baba mkubwa naye. Kiasi kikapitishwa pale pale. Niliangalia jinsi lilivyokuwa jepesi. Lilichukua muda wa kunywa kikombe cha maji. Wanaume walilichimba kwa siku mbili, wakitaniana, maana kuchimba ndiyo kazi tunayoijua kuliko watu wote. Kujenga na kufunika kulingoja malipo ya kahawa. Zahanati ilipofunguliwa, mtoto wa shemeji alikuwa anatambaa. Alipelekwa kupimwa uzito, akakalia mizani chini ya dirisha lile ambalo mama yake alikuwa amelichagua.

Baada ya ufunguzi nilishindwa kukaa. Nilipanda gari la Mbamba Bay, kisha bodaboda kuelekea kaskazini, upande wa Ngumbo, pikipiki ikizama kwenye mchanga na ziwa likiwa mkono wa kushoto muda wote. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nimeyaandika.

Nilimkuta mtendaji nje ya ofisi yake mpya, anazungumza na wanawake wanaoanika usipa, dagaa wa ziwa lile. Alikuwa amenenepa kidogo. Joto lilikuwa linampenda.

"Katibu!" alisema. "Umefuata samaki?"

Tulikaa kwenye benchi. Nikasahau nilichoandika, nikasema tu kwamba kipengele cha tano nilikiruka mimi, kwa aibu, na kwamba aliitwa mwizi kwa ajili yangu.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Nakala nilikuwa nayo, mdogo wangu. Nilikuwa nafuata na kalamu. Choo, tangi, njia, kichomea taka, uzio. Nikasema, ah, huyu karuka."

"Kwa nini hukusema?"

Alitazama wanawake wanaogeuza usipa kwa ufagio. "Mimi mgeni pale. Wewe mwenyeji, umesoma, wazee wako wamekaa mbele. Mwenyeji akiruka, mgeni anafikiri nini? Nikajua mna namna yenu. Nikasema labda hapa jambo hili haliguswi, kondo wanalizika nyumbani, nikilitaja nitakuwa nimewatukana wazee wa watu mchana kweupe. Nikaona nikuachie. Nikangoja uje uniambie."

"Nilikuja."

"Ulikuja ukanieleza mabati."

Miezi yote ile nilidhani nimebeba siri. Kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja anamstahi mwenzake, kila mmoja anaona adabu, na katikati yetu palikuwa na mwanamke anayebeba mchanga.

"Ulipokuja ile siku uani," nilisema, "ungewaambia. Karatasi ulikuwa nayo."

"Ningesema, nani angeniamini? Na pale si mimi niliyetakiwa kusema." Aliinuka, akajipangusa. "Umewaambia nyumbani?"

"Bado."

"Basi hili umelileta pasipo pake. Mimi nimeshahama." Hakusema kwa hasira. Aliingia ndani, akatoka na mfuko wa usipa mkavu. "Mpelekee shemeji yako. Mwambie unatoka kwangu, usimdanganye kwamba umenunua."

Nilirudi kesho yake. Njia nzima ya kupanda mlima nilikuwa natafuta namna ya kuanza, na kwa mara ya kwanza nilijichoka mwenyewe. Shemeji alikuwa uani, anachambua maharage, mtoto amemkalia miguuni. Nilimpa mfuko.

"Umetoka ziwani? Nani kakupa usipa mzuri hivi?"

"Mtendaji."

Mikono yake ilisimama. Nikamwambia. Nilimwambia kwa mpangilio, orodha, mkutano, viatu vya baba mkubwa, mabati, karatasi ndani ya daftari siku ya ukaguzi. Nililitaja na neno lenyewe, kondo, mara kadhaa, na halikuwa na uzito wowote mdomoni.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atanitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nadhani nililitaka.

"Kuhusu damu yangu, Mungu anajua," alisema. "Kuzaa ni kuzaa. Hata hospitali watu wanatoka damu." Alimtoa mtoto punje ya harage mdomoni. "Lakini nilimwita mwizi. Nilimwita mwizi mbele ya watu, na watoto wangu wakamwimbia. Na wewe ulikuwa umesimama pale mlangoni."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo, shemeji."

Aliniomba namba ya mtendaji, nikamsomea, akaibonyeza mwenyewe kwenye simu ya kaka. Kwetu mtandao unashika vizuri ukiwa juu kidogo, kwenye kahawa, kwa hiyo alisimama akaenda huko, akaniachia mtoto. Alipiga, haikupokelewa. Alipiga tena. Mara ya tatu nilimwona anakaza simu sikioni na kuinamisha kichwa, na nikamsikia anaanza kwa "Shikamoo," ingawa mtendaji ni mdogo kwake kwa miaka kadhaa.